Boti Zilizopita Likasi Juu ya Reli: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mjenzi wa Modeli

Vijana wanaokuja kwenye meza yangu hapa Likasi huja na picha ya manowari kwenye simu. Mara nyingi ni Bismarck, mara nyingine Yamato. Wanataka kujenga kitu kikubwa chenye mizinga mingi. Kabla sijawapa wembe wala rula huwauliza: ni chombo gani cha vita kilichowahi kupita hapa kwetu? Wanatazamana. Bahari hatuna, na ziwa Tanganyika liko mbali.

Vilipita viwili. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, ili kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika. Zilipakiwa melini Uingereza mwezi Juni, zikashushwa Cape Town, zikapandishwa treni kupitia Bulawayo na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka reli ilipoishia, Fungurume. Reli hiyo ndiyo hii yetu. Kutoka Fungurume zikakokotwa nchi kavu kuvuka milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200, hadi Sankisia. Kisha treni fupi hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, na treni tena hadi Lukuga, ambako leo ni Kalemie. Zilifika mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka boti ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 boti yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Anayetaka kujenga modeli ya chombo cha vita akiwa Likasi aanze na hizi. Masharti yangu ni haya, na siyalegezi.

Usianze bila kuchagua chombo kimoja na mwaka mmoja.

"Najenga Götzen," kijana ataniambia. Götzen ya lini? Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Baadaye ikapewa mzinga wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ambayo mabaharia wake waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga huo nao ukaja kuondolewa na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha Götzen yenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi ili isile kutu. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Sasa tazama kosa. Ukiweka mzinga wa Königsberg kwenye Götzen inayoshuka majini Februari 1915, umeweka mzinga ambao siku hiyo ulikuwa bado kwenye manowari nyingine, ndani ya Rufiji. Ukinakili picha za Liemba za siku hizi, umenakili meli iliyotolewa injini za mvuke na kutiwa za dizeli miaka ya 1970, na umbo la juu likabadilishwa pia. Hiyo si Götzen. Andika mwaka kwenye karatasi, bandika ukutani mbele ya meza, na kila kipande unachokata ukiulize: mwaka huo wewe ulikuwapo?

Chagua skeli kwa kichwa, usichague kwa tamaa.

Nimeona nyumba ambamo Bismarck ya skeli 1/350 imewekwa kabatini kando ya Götzen ya 1/100. Bismarck ilikuwa na urefu wa mita 251. Kwa 1/350 inatoka sentimita 72 hivi. Götzen ilikuwa na mita 71. Kwa 1/100 inatoka sentimita 71. Mgeni akiingia sebuleni anaona meli mbili zilizolingana. Mtoto wa nyumba hiyo atakua akiamini kwamba meli ya ziwani ilikuwa sawa na manowari ya bahari ya Atlantiki. Huo ni uongo, na aliyeusema ni modeli, bila kufungua mdomo. Vyombo viwili vya skeli mbili visikae rafu moja.

Kwa Mimi nashauri 1/48. Boti ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12.2, na upana wa futi 8, yaani mita 2.44. Gawa kwa 48: urefu sentimita 25.4, upana sentimita 5.1. Ni chombo cha kubebwa kwa mkono mmoja, na kila kitu ndani yake bado kinaonekana kwa jicho. Mtu wa mita 1.7 anakuwa sentimita 3.5. Mambo hayo yaandike kabla ya kukata chochote. Na usipime kwa vidole, wala kwa "inaonekana sawa".

Ijue plastiki yako kwa namba yake.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Seti za modeli za kiwandani haziuzwi sokoni Kikula. Mwenye ndugu Ubelgiji au Afrika Kusini anaweza kuletewa moja, na nitasema neno juu yake baadaye. Sisi wengine tunajenga kwa plastiki iliyotupwa, na plastiki iliyotupwa ina tabia nyingi.

Geuza chombo, tazama pembetatu chini yake. Namba 2 ni plastiki ya mabidoni: bidoni la mafuta ya kula, bidoni la maji. Iache. Haishiki gundi, haishiki rangi. Utaibandika leo, kesho inabanduka yenyewe kama ganda la kidonda. Namba 5 nayo ni hivyo hivyo. Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji. Hiyo inafaa kwa kitako na kwa vipande vinene: pasua bomba kwa urefu, litie ndani ya maji yanayochemka mpaka lilainike, kisha lilaze katikati ya mbao mbili bapa na uweke jiwe juu. Likipoa unapata ubao wa plastiki. Gundi yake ni ile ile ya mafundi bomba.

Namba 6 ndiyo unayoitafuta. Ni polistairini, ndiyo ile ile inayotumika viwandani kutengeneza seti za modeli. Utaipata kwenye baadhi ya vikopo vya yaghati, kwenye makasha ya CD, na kwenye peni ya Bic. Mwili wa peni hiyo, ule unaoonyesha wino, ni polistairini. Kifuniko chake siyo. Kama namba haipo, dondosha tone moja la tina ya rangi pembeni na uguse kwa kijiti. Ikinata, inafaa kwa kazi yetu. Isiponata, weka kando.

Kasha la CD ni gumu na linapasuka ovyo. Usilikate kwa mkasi. Chora mstari kwa wembe na rula, mara tano, mara sita, bila kukandamiza, kisha livunje kwenye ukingo wa meza. Litavunjika pale ulipochora. Mkuku na mataruma ya boti yatoke kwenye kasha la CD. Ngozi ya nje itoke kwenye vikopo vya yaghati, iliyokatwa vipande vyembamba vya milimita 3. Katika 1/48 hizo ni sawa na mbao za sentimita 14.

Usitumie tina karibu na mbabula. Usiitumie ndani ya nyumba iliyofungwa. Usiiweke mahali mtoto anafika.

Sharti hili ulishike hata kama utavunja mengine yote. Tina ya rangi ya magari inayeyusha polistairini, ndiyo maana inaunganisha: inalainisha kuta mbili, zinashikana, inapokauka zimekuwa ukuta mmoja. Lakini mvuke wake hauonekani, unatambaa chini na kufuata moto. Kama mama anapika bukari hatua tatu kutoka mezani, funga chupa, nenda nje. Umeme ukikatika usiku, usiwashe mshumaa ili umalizie. Lala, kazi ipo kesho. Mvuke huo pia unaumiza kichwa na mapafu, na hauzoeleki, hata mtu akijidai ameuzoea.

Na usichome PVC, hata kipande kidogo kama ukucha, kwa kujaribu tu. Moshi wake ni asidi.

Gundi itengeneze hivi: kata mabaki ya plastiki ya namba 6 vipande vidogo, yatie kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko cha chuma, mimina tina kidogo, acha usiku mmoja. Asubuhi utakuta kitu kama asali. Paka kwa ncha ya kijiti, kidogo. Narudia: kidogo. Boti yangu ya kwanza niliipenda mno, nikaijaza gundi ndani ili iwe imara. Kwa siku tatu ilionekana imara. Siku ya nne ubavu wa kulia ulibonyea ndani pole pole, kama shavu la mzee asiye na meno, kwa sababu tina iliyokuwa imenaswa ndani iliendelea kula ukuta. Miezi miwili ya kazi. Niliitupa, na sikumlaumu mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kulaumiwa ila mkono wangu.

Usipige ribiti kwenye Mimi.

Mimi na Toutou zilikuwa za mbao, mbao za mkangazi. Hazikuwa za chuma. Boti ya mbao haina safu za ribiti ubavuni. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu boti yangu ya pili niliipiga ribiti. Nilikaa majuma matatu na sindano, natoboa kwa ndani vinundu vidogo mamia, safu juu ya safu, na mkono ulikuwa mzuri kuliko wakati wowote. Akaja mtoto wa jirani, wa darasa la tano, akainama akatazama, akaniambia, "Papa, lakini ulisema hii mashua ni ya mbao."

Sikuwa na jibu. Nilipiga msasa ribiti zote.

Ribiti ni za Götzen. Huko zipige, na uzipige kwa kipimo: ribiti yenye kichwa cha sentimita 2 katika 1/100 ni milimita 0.2, yaani ncha ya sindano nyembamba kuliko zote ulizo nazo, ikigusa tu. Ribiti kubwa kama punje za mtama zinafanya meli ionekane kama sufuria iliyozibwa. Kwenye Mimi kazi yako ni mbao: zifuate mstari kutoka omo hadi tezi, zibanane, zipungue upana kuelekea mbele. Ukimaliza, tazama boti kwa kulala chini jicho likiwa usawa wa ubavu. Mstari ukipinda, toa ubao huo uweke mwingine.

Mzinga utengeneze wa mwisho, na uufunge kwenye sitaha kweli kweli.

Mimi ilibeba mzinga wa Hotchkiss wa ratili 3 mbele, na bunduki ya rashasha ya Maxim nyuma. Walipojaribu mzinga kule mto Thames, Juni 1915, kwenye moja ya boti, risasi ilitoka vizuri, lakini mzinga pamoja na mpigaji wake viliruka vikaangukia mtoni, kwa kuwa haukufungwa sawasawa kwenye sitaha. Kisa hicho kinakuambia ukubwa wa mzinga kulinganisha na boti. Ukiona kwenye modeli yako mzinga umekaa kama kipambo, mdogo, mbali na ncha, umekosea.

Kipenyo cha ndani cha mzinga ule kilikuwa milimita 47. Kwa skeli ya 1/48 hiyo ni milimita 1, karibu kamili. Ni bahati njema, itumie. Chukua mwili wa peni ya Bic uliokwisha wino, uushike kwa mikono miwili juu ya mwali wa mshumaa, nje, mbali na tina, juu ya mwali na si ndani yake. Uzungushe polepole. Utaona pale katikati panameremeta, halafu panalegea kidogo kwa uzito wake wenyewe. Hapo ondoa motoni, hesabu moja, mbili, ndipo uvute. Ukivuta ukiwa bado motoni utapata uzi wa buibui. Ukichelewa hautavutika. Ukivuta kwa wakati wake, peni inarefuka ikawa bomba jembamba, na tundu lake la ndani linabaki, limepungua tu pamoja nalo. Shikilia bila kutikisika mpaka lipoe, kama mtu anayepigwa picha. Kisha litafute pale ambapo tundu linapitisha sindano ya milimita 1 bila kulazimisha, ukate hapo, urefu sentimita 4 hivi. Peni nne zitaharibika kabla ya moja kukubali. Nne ni chache.

Ule uzi wa buibui uliopatikana kwa makosa usiutupe. Ni kamba za mlingoti.

Mzinga uelekee mbele. Boti nyembamba ya mbao haikuweza kuvumilia kuupiga kwenda ubavuni. Na kama unajenga Kingani, kumbuka kwamba mzinga wake pia ulipiga mbele tu. Ndiyo maana siku ile ya Desemba Waingereza waliiacha ipite, wakaifuata kutokea nyuma. Mtu aliyeweka mzinga wa Kingani juu ya kitako cha kuzunguka pande zote ameifuta vita yenyewe, kwa sababu Kingani yake ingegeuza mzinga tu na kujibu.

Rangi iwe kavu, nyembamba, na hafifu kuliko unavyodhani.

Kijivu. Kisichong'aa. Rangi ya mafuta inayong'aa inaifanya boti ionekane kama pipi. Na rangi halisi ya chombo kikubwa, ukiipaka vile vile kwenye kitu kidogo, inaonekana nzito mno. Ongeza nyeupe kidogo mpaka iwe kama majivu ya mkaa uliokwisha. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene. Kati ya tabaka na tabaka, siku nzima.

Usipake rangi wakati wa mvua. Kuanzia Novemba hewa yetu ina maji, rangi inafanya ukungu mweupe. Usipake kiangazi mchana, kwa sababu ya vumbi. Nyote mnalijua vumbi la Likasi linalonyanyuliwa na malori ya madini, jekundu, jembamba kama unga, linaingia hata ndani ya saa ya mkononi. Paka alfajiri kiangazi, kabla barabara haijaamka, na mara tu unapomaliza funika kwa beseni lililogeuzwa. Beseni ulioshe kwanza. Modeli iliyokauka isikae dirishani: jua la Septemba linapinda polistairini.

Bendera isiwekwe kwa kubahatisha.

Meli za Wajerumani za 1915 zilipeperusha bendera ya jeshi la majini la Kaizari, nyeupe yenye msalaba mweusi na tai. Alama ya Hitler haikuwa juu ya meli hizi, na Hitler mwenyewe wakati huo alikuwa askari wa kawaida katika mahandaki. Nimeiona alama hiyo mara mbili kwenye Götzen zilizojengwa na watu wazima. Niliwaambia waing'oe mbele yangu. Mimi na Toutou zilibeba bendera nyeupe ya jeshi la majini la Uingereza, yenye msalaba mwekundu. Ya Ubelgiji haihusiki kwenye boti hizo, ingawa njia ya kutoka Elisabethville hadi ziwani ilipita nchi iliyokuwa mikononi mwa Ubelgiji.

Ukiwa na seti ya kiwandani, usijione umemaliza kazi.

Osha vipande kwa maji ya sabuni kabla ya rangi. Vina mafuta ya kiwandani. Usivivunje kwa mkono kutoka kwenye fremu zake, vikate kwa wembe na upige msasa kikovu. Soma maelekezo yote mpaka mwisho kabla ya kubandika kipande cha kwanza. Na fremu zinazobaki, tafadhali, usizitupe jalalani. Zilete kwangu au mpe mwenzako. Ni polistairini safi.

Usiitie majini.

Nasikia manung'uniko. Boti bila maji? Ndiyo. Anayejenga Kalemie aitie majini, ni haki yake. Anayejenga Kigoma vile vile. Lakini Mimi iliyopita Likasi ilipita ikiwa kavu, imefungwa kamba juu ya behewa, rafadha zake mbili zikining'inia hewani. Injini zake za petroli, kila moja nguvu ya farasi 100, zilizoweza kuikimbiza kilomita 35 kwa saa, zilikuwa zimenyamaza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hapa. Ukiiweka juu ya mawimbi ya gundi na pamba, umejenga boti ya kila mahali. Ukiijenga juu ya behewa, na chini ya behewa reli, na chini ya reli kokoto na udongo mwekundu wetu, umejenga kitu ambacho mtu wa Papenburg au wa London hawezi kukijenga kama wewe. Udongo chukua wa kweli: upepete kwenye kitambaa chembamba, uchanganye na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Huna haja ya kununua rangi ya ardhi. Iko mlangoni.

Kwa aliye na nafasi na subira, ipo pia njia ya kupanda Mitumba: mashine za mvuke za kukokota, maksai, madaraja ya magogo. Madaraja yalikuwa mengi, zaidi ya mia, yote yalijengwa kwa miti iliyokatwa papo hapo. Magogo yatengeneze kwa vijiti vya kweli. Plastiki hapo haina lazima.

Usiweke maofisa peke yao.

Hapa sitanii na mtu. Nimeona picha za modeli za safari hii zilizojengwa Ulaya, kazi safi sana, na juu yake wazungu sita wamesimama, boti imekaa mlimani kana kwamba ilipanda yenyewe. Nani alikata miti? Nani alilaza magogo mabondeni? Nani alivuta kamba pale ambapo maksai walishindwa na mashine ziliteleza? Watu wa nchi hii, kwa mamia. Na zilipokosa maji mashine zile za mvuke, wanawake wa vijiji vya njiani ndio walioyabeba vichwani kutoka mbali, kwenda kumiminwa kwenye matanki ya chuma ili boti ya mfalme wa Uingereza isogee. Vitabu vinataja jina la kamanda, Geoffrey Spicer-Simson, vinataja hata sketi ya kaki aliyopenda kuvaa, na jina Chifungatumbo alilopewa kule ziwani. Jina la mwanamke mmoja wa maji halimo.

Kwa hiyo kamanda mtengeneze, na sketi yake, sentimita 3.5, mmoja. Halafu tengeneza wengine. Katika modeli yangu ya sasa wapo ishirini na wanne, na kumi na moja ni wanawake. Kila mmoja nampa mwendo wake: huyu shingo imenyooka chini ya mtungi, huyu amegeuka kumwangalia aliye nyuma, huyu mkono mmoja umeshika mtungi na mwingine umeshika mtoto mgongoni. Usimwage watu kumi wa sura moja kutoka kwenye ukungu mmoja. Huko ni kuwapanga kama vigingi. Waya mwembamba wa umeme kwa mifupa, mastiki ya magari kwa nyama, kipande cha karatasi ya sigara kilicholowa gundi kwa kitenge. Mtungi ni tone la mastiki kwenye ncha ya sindano, linazungushwa mpaka liwe duara, halafu linatobolewa mdomo kabla halijakauka. Ukitaka mtungi uonekane umejaa, weka tone la vanishi inayong'aa mdomoni. Ni mahali pekee katika modeli nzima ninapokubali kitu king'ae.

Kibao kiandikwe kwa ukweli na kwa Kiswahili.

Usiandike "manowari" chini ya Mimi. Ilikuwa boti ya vita ya mita 12. Manowari ni kitu kingine. Na kwa kuwa msomaji wetu ataona "Mimi" na kudhani boti inajitambulisha, eleza kwa mstari mmoja: ni Kifaransa cha watoto, paka na mbwa, Mimi na Toutou, baada ya wakubwa wa London kuyakataa majina ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo. Watoto wa Likasi wanaosoma Kifaransa watacheka, na wacheke.

Halafu andika skeli, na vitu ulivyotumia. Changu kimeandikwa hivi: Mimi, juu ya behewa, njia ya Fungurume, 1915. Skeli 1/48. Makasha matatu ya CD, vikopo tisa vya yaghati, peni kumi na moja. Udongo wa Likasi. Watu ishirini na wanne, majina hayakuandikwa.